Sumu na lishe ndani ya punje moja: metali nzito katika nafaka za Nyanda za Juu Kusini

Tangu taarifa za aseniki katika mchele zilipoanza kuzunguka kwenye makundi ya simu, swali ninaloulizwa zaidi na ndugu na majirani hapa Mbeya ni kama mchele wa Kyela na wa Mbarali una sumu. Naliandikia jibu refu kidogo kwa sababu swali lenyewe limekatwa nusu. Anayeuliza habari za sumu peke yake huishia kuogopa chakula, na anayeuliza habari za virutubisho peke yake huishia kusifia kila kisichokobolewa, ilhali ndani ya mmea, na hata ndani ya utumbo wa mlaji, metali zinazodhuru na madini yanayojenga mwili huingia kwa milango ileile. Mtu mwenye akiba ya kutosha ya madini chuma, zinki na kalsiamu hufyonza metali zenye sumu kama kadimi na risasi kidogo kuliko mtu aliyepungukiwa, hata kama wote wawili wamekula kutoka sufuria moja. Kwa hiyo huwezi kusema nafaka fulani ina hatari kiasi gani bila kuuliza pia imemlisha mlaji kiasi gani.

Naanza na lishe, kwa kuwa ndiko kunakouma zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa walikuwa takriban 57, na Njombe na Rukwa takriban 50 kila mkoa. Hii ndiyo mikoa inayojaza maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na malori ya mahindi yanayoshuka mlima wa Kitonga hayana msimu wa kupumzika. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi ya kuhara, kazi nyingi za mama na mtoto kuachiwa alishwe na mtoto mwenzake, lakini hakuna anayeweza kudai kuwa mikoa hii imekosa nafaka. Kilichokosekana ni vitu ambavyo nafaka haina, au inavyo lakini haivitoi.

Mahindi yana wanga mwingi na protini isiyo kamili, kwa kuwa yamepungukiwa asidi mbili ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, laisini na triptofani. Watafiti wa mbegu walilishughulikia jambo hilo kwa mahindi yenye protini bora, na nchini kwetu zilitolewa mbegu zilizopewa hata jina la Lishe. Tatizo gumu zaidi ni la zinki na madini chuma. Punje ya mahindi huhifadhi fosforasi yake katika umbo la fitati, hasa kwenye kiini, na fitati hiyo huyashika madini haya kwa nguvu ndani ya utumbo kiasi kwamba mengi hutoka na kinyesi. Wataalamu wa lishe hutumia uwiano wa fitati kwa zinki kama kipimo: ukizidi 15, ufyonzaji wa zinki huhesabiwa kuwa mdogo, na ugali wa dona huuvuka uwiano huo kwa mbali. Mtoto anayekula ugali mara tatu kwa siku na mboga za majani kidogo anaweza kushiba kabisa na bado utumbo wake ukabaki unatafuta zinki na chuma.

Hapo ndipo kadimi inapopata nafasi. Utumbo ukikosa chuma huongeza vibebaji vyake vya kukivuta, na vibebaji hivyo havichagui vizuri kati ya chuma na kadimi. Risasi nayo hufuata njia za chuma na kalsiamu. Kadimi ikishaingia huenda kukaa kwenye figo, na nusu yake huchukua kati ya miaka 10 na 30 kutoka. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa bonde la mto Jinzu katika mkoa wa Toyama nchini Japani, ambako maji yaliyotoka mgodi wa Kamioka yalimwagiliwa mashamba ya mpunga kwa miongo mingi, na mwaka 1968 serikali ya Japani ikakiri kwamba ugonjwa wa mifupa kuvunjika, itai-itai, ulitokana na kadimi hiyo. Waliougua zaidi walikuwa wanawake wa umri mkubwa waliokuwa wamezaa mara nyingi, na upungufu wa kalsiamu na vitamini D ulichangia kuwafikisha huko. Wanaume wa kaya zilezile, waliokula mchele uleule, hawakuathirika kwa kiwango kile. Sipendi kuutumia mfano huu kutishia watu, kwa sababu kiwango cha uchafuzi wa Jinzu kilikuwa cha mgodi mkubwa, lakini unaonesha wazi kwamba kipimo cha metali kwenye punje hakitoshi kueleza nani ataugua.

Sasa nirudi kwenye mchele. Mpunga hutofautiana na nafaka nyingine kwa sababu unalimwa ndani ya maji. Udongo ukifunikwa na maji kwa wiki nyingi hukosa hewa, madini ya chuma yaliyokuwa yameishikilia aseniki huyeyuka, na aseniki hiyo hugeuka kuwa umbo ambalo kwa mizizi linafanana sana na silika. Mpunga unapenda silika, ndiyo inayoyapa majani yake ukali ule unaowakata wavunaji mikono, na kwa hiyo una mifereji mingi ya kuivuta. Aseniki hupenya humohumo. Udongo hauhitaji kuwa na mgodi wala kiwanda jirani ili jambo hili litokee, kwani karibu kila udongo una aseniki kidogo ya asili. Ndiyo maana mchele wa mahali popote duniani una aseniki zaidi ya mahindi, ulezi au ngano ya mahali hapohapo, na ndiyo maana tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex, iliweka kikomo cha miligramu 0.2 za aseniki isiyo ogania, yaani ile isiyoungana na kaboni, kwa kila kilo ya mchele uliokobolewa na miligramu 0.35 kwa mchele wa kahawia. Marekani, kwa nafaka za mchele zinazotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga, ilishusha kiwango hadi miligramu 0.1 kwa kilo mwaka 2020.

Ukiukausha udongo kwa vipindi, aseniki hupungua. Hili lina maana kubwa kwa bonde la Usangu, huko Mbarali, ambako ugomvi wa maji ya mto Ruaha Mkuu ni wa miaka mingi na ambako kilimo shadidi cha mpunga, chenye kumwagilia na kukausha kwa zamu, kimekuwa kikihimizwa kwa sababu ya kuokoa maji. Mkulima anayekifuata kwa ajili ya maji huwa pia anapunguza aseniki kwenye punje, ingawa hakuna anayemlipa zaidi kwa hilo. Lakini kadimi ina tabia ya kinyume. Ndani ya maji hushikana na salfa na kutulia. Udongo ukikauka hufunguliwa na mizizi huichukua, hasa katika wiki za kujaza punje. Kwa hiyo kwenye shamba lenye kadimi nyingi ukaushaji unaoondoa tatizo moja hukuza jingine, na ushauri wa kukausha mapema ni mzuri tu pale ambapo udongo umepimwa metali zote mbili. Nimesikia washauri wa kilimo wakizungumzia ukaushaji kana kwamba hauna gharama yoyote, na sikubaliani nao.

Kadimi hiyo inatoka wapi? Kwa mashamba mengi ya nafaka duniani chanzo kikuu cha polepole ni mbolea ya fosfeti, yaani mbolea ya kupandia kama DAP, kwa kuwa miamba ya fosfeti, hasa ile iliyotokana na mashapo ya bahari ya kale, huwa na kadimi ndani yake. Urea na CAN tunazoweka kukuzia hazina shida hiyo. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha miligramu 60 za kadimi kwa kila kilo ya fosfeti iliyomo ndani ya mbolea, kikaanza kutumika mwaka 2022 baada ya mabishano ya miaka mingi, kwa sababu nchi zinazouza miamba ya mashapo hazikufurahi. Hakuna haja ya mkulima wa Mbozi kuacha DAP kwa hofu. Mashamba yetu mengi hupata mbolea kidogo kuliko ya Ulaya, na njaa ya fosforasi katika udongo wa huku ni ya kweli. Linalonihangaisha zaidi ni uchachu wa udongo. Sehemu kubwa ya Njombe, Mufindi na Mbozi ina udongo wenye asidi, na miaka ya kuweka mbolea za naitrojeni bila chokaa huuongeza uchachu huo. Kadri udongo unavyochachuka ndivyo kadimi inavyolegea na kuingia kwenye mmea, huku fosforasi ikizidi kufungwa. Chokaa ya kilimo, ambayo mkulima huiona kama gharama isiyo na faida ya haraka kwa kuwa mahindi hayabadiliki rangi wiki ileile kama yanavyobadilika kwa urea, ni dawa ya yote mawili.

Zebaki ya Chunya nimeulizwa sana, na hapa ramani inasaidia kuliko hisia. Uchimbaji wa dhahabu katika eneo la Lupa, wilayani Chunya, ulianza miaka ya 1920, na wachimbaji wadogo wa Makongolosi, Matundasi na Itumbi wamekuwa wakitumia zebaki kukamatisha dhahabu. Lakini mito ya eneo hilo la Lupa huelekea Ziwa Rukwa, wakati mpunga wa Kyela unanyweshwa na maji yanayoteremka Ziwa Nyasa, na wa Usangu na maji ya bonde la Ruaha. Maji ya mwalo wa Chunya, yaani mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, hayana njia ya kupanda milima yakaingia Kyela. Wenye haki ya kuwa na wasiwasi ni wanaolima bondeni karibu na mialo na marundo ya marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, na hasa wakilima mpunga, kwa kuwa ndani ya udongo uliofunikwa na maji bakteria huigeuza zebaki kuwa umbo la methili ambalo huingia kwenye punje. Hali hiyo ilithibitishwa katika mkoa wa Guizhou nchini China, kwenye maeneo ya migodi ya zamani ya zebaki, ambako mchele ulikuwa chanzo kikubwa cha zebaki hiyo kwa wakazi kuliko samaki. Mahindi ya mlimani huingiza zebaki kidogo sana kwenye punje. Anayechoma mchanganyiko wake wa zebaki na dhahabu jikoni, kwenye jiko lilelile la kupikia ugali, anajidhuru kwa moshi muda mrefu kabla ya kufikiria punje, na Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania imeuridhia, unawalenga zaidi watu kama yeye.

Kuhusu risasi, uanikaji wa mahindi na mpunga kando ya barabara kuu ya TANZAM unastahili maneno machache. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini risasi haiozi, na vumbi la kando ya barabara za zamani bado linayo. Kuanika juu ya turubai mbali na barabara kunatosha. Hatari nyingine iko jikoni: sufuria nzito za kusubu, zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu vya aina zote pamoja, huweza kutoa risasi zinapopikiwa kitu kichachu. Uji wa ndimu au ukwaju usichemshwe humo, na togwa isilazwe humo usiku kucha. Mwaka 2010 kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani ilikiondoa kiwango cha zamani cha risasi kilichodhaniwa kuwa salama, kwa kuwa haikuona kiwango chochote ambacho ingeweza kukihakikisha kwa akili ya mtoto.

Kamati hiyohiyo iliweka kikomo cha kadimi kuwa mikrogramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa mwezi. Tufanye hesabu. Mtu wa kilo 60 anaruhusiwa mikrogramu 1,500 kwa mwezi, yaani 50 kwa siku. Kikomo cha Codex cha kadimi kwa nafaka kama mahindi ni miligramu 0.1 kwa kilo. Mla ugali wa kwetu akitumia gramu 400 za unga kwa siku, na unga huo ukiwa umefika kabisa kwenye kikomo bila kukivuka, atakuwa amemeza mikrogramu 40, yaani sehemu nne kwa tano za posho yake yote, kabla ya kugusa maharage, mboga wala viazi. Mahindi ya udongo usiochafuliwa kwa kawaida huwa chini sana ya kikomo hicho, na hesabu hii haisemi kwamba ugali wetu uko hapo. Inasema kwamba cheti kinachoonesha unga umefaulu kipimo hakimwangalii mtu ambaye chakula chake karibu chote ni unga huo. Kikomo huandikwa kwa kilo ya chakula, na hakiulizi mlaji anakula kilo ngapi.

Hapa ndipo mjadala wa dona na sembe unapokuwa mgumu kuliko unavyosimuliwa. Kukoboa huondoa pumba na kiini, na pamoja navyo zaidi ya nusu ya zinki na chuma, mafuta, na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Kwa mchele, vitamini B1 hupungua sana mno. Daktari Christiaan Eijkman aligundua uhusiano huo huko Java katika miaka ya 1890 kwa kuwatazama kuku waliolishwa mchele mweupe, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Hivyo ushauri wa kula nafaka nzima una msingi. Lakini aseniki ya mchele imejikusanya kwenye tabaka za nje zilezile, na kwa hiyo mchele wa kahawia huwa nayo zaidi ya mweupe. Kadimi imesambaa ndani ya punje na kukoboa hakuiondoi sana. Kwa mahindi hoja kubwa dhidi ya dona si metali, bali ni sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, ambayo nayo hukaa zaidi kwenye pumba na kiini, na ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Msimamo wangu ni huu: mahindi yaliyokaushwa vizuri na kuchambuliwa yaliwe dona, mchele, kwa mtoto mdogo, uwe mweupe na usiwe chakula chake cha kila siku, na virutubisho vilivyopotea kwenye mchele vitafutwe kwenye maharage, dagaa na mayai badala ya kwenye pumba zake. Kanuni za mwaka 2011 zinazotaka unga wa viwanda uongezwe chuma, zinki na asidi ya foliki ni nzuri, ila unga mwingi wa vijijini husagwa kwenye mashine ndogo ambazo kirutubishi hakijawahi kufika.

Fitati nayo inapunguzwa na ujuzi ambao bibi zetu walikuwa nao. Nafaka ikilowekwa, ikaoteshwa na kukaushwa kuwa kimea, au uji ukichachushwa kuwa togwa, vimeng'enya vya punje huvunja fitati na kuyaachia madini. Mpango wa lishe ulioanza Iringa mwanzoni mwa miaka ya 1980, chini ya UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, ulijulikana dunia nzima kwa kupima watoto vijijini; katika miaka hiyohiyo wataalamu wetu wa lishe walikuwa wakihimiza kimea kwa sababu kijiko chake kimoja huulainisha uji mzito, na mtoto akapata chakula kingi katika tumbo dogo. Siku hizi kimea kimebaki kwa wapika pombe, na hilo ni hasara.

Udongo wenyewe pia hutofautiana. Utafiti uliotoka mwaka 2021 kuhusu Ethiopia na jirani zetu Malawi ulionesha kwamba zinki, chuma na hasa madini ya seleni ndani ya nafaka hubadilika sana kutoka eneo hadi eneo, kiasi kwamba wastani wa taifa hauwezi kumwambia mtu wa kijiji fulani anakula nini. Ufini, ambayo udongo wake ulikuwa na seleni kidogo, iliamua mwaka 1984 kuiongeza kwenye mbolea, na nafaka za nchi nzima zikabadilika ndani ya misimu michache. Kwetu hapa, kati ya majivu ya volkano ya Rungwe, udongo mwekundu wa Mbozi na tope la Usangu, kuzungumzia "mahindi ya Nyanda za Juu" kana kwamba ni kitu kimoja ni uvivu. Kipimo chenye maana ni cha udongo na punje vilivyochukuliwa shamba moja, wakati wa mavuno, vikapimwa kadimi, aseniki na risasi pamoja na zinki, chuma na fitati. Anayepima metali peke yake ametumia fedha nyingi kupata nusu ya jibu.

Dada yangu wa Mafinga anasaga na kuuza unga wa lishe, na ndiye aliyenisukuma kuyaandika haya baada ya mteja wake kumuuliza habari za mchele. Mchanganyiko wake wa awali ulikuwa kama wa wengi: mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya na karanga, kwa imani kwamba aina nyingi ni bora zaidi. Nilimshauri mchele auondoe kabisa, kwa kuwa hauongezi kitu ambacho mahindi hayana ila aseniki, na nafasi yake aijaze kwa ulezi, wenye takriban miligramu 340 za kalsiamu kwa gramu 100, kiasi ambacho nafaka nyingine haziukaribii. Ulezi huo auoteshe kwanza. Soya aikaange vizuri. Karanga, kwa sababu ya sumukuvu, azichambue kwa mkono na zilizosinyaa asizitumie hata kwa sehemu ndogo, au aziache kabisa mwaka wa mvua za mavuno, akina mama waongeze dagaa wa kusaga wakati wa kupika. Baada ya kusaga apitishe sumaku kwenye unga, kwa sababu nyundo za mashine hulika na chembe zake hubaki humo. Amekubali yote isipokuwa la mchele, kwa madai kwamba wateja hupenda weupe wake. Tumeafikiana apunguze kwanza hadi sehemu moja kwa kumi, na mchele huo auchemshe kwa dakika tano katika maji mengi, amwage maji hayo, aukaushe ndipo ausage. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walionesha mwaka 2020 kwamba mchele mweupe ukichemshwa kwanza hivyo, maji yakamwagwa na ukamaliziwa kuiva katika maji mapya, sehemu kubwa ya aseniki hutoka. Kwa maji ya kisima aliyonayo, amepeleka kwanza sampuli maabara, maana mchele uliochemshwa kwa maji yenye aseniki huondoka na aseniki zaidi ya iliyokuwamo.